Shibiri Moja Juu ya Mwili

Miaka kumi na tisa nilikanda watu, na sijisifu nikisema mikono yangu ilikuwa na akili kuliko kichwa. Ukilala kwenye mkeka wangu nikapitisha dole gumba mgongoni mwako, nilikuwa nakwambia bega gani unalibebea mkoba, mguu gani uliwahi kuteguka, na kama umegombana na mumeo juzi. Mama mmoja nilimwambia ana mimba kabla hajajua mwenyewe. Watu waliniita Mama Mafuta, kwa kuwa nilinuka mafuta ya nazi kuanzia viwikoni hadi kwenye noti nilizotoa dukani.

Basi, jina kama hilo ukiitwa miaka yote, siku moja linakuchosha. Nikaona tangazo la mafunzo ya tiba ya nishati, Jumamosi sita, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la magodoro. Nikaenda. Mwalimu alikuwa mwanamume mpole wa suruali nyeupe, sauti ya chini kama kuna mtoto amelala chumba cha pili. Alitufundisha kwamba mwilini mna nishati inayopita kama maji kwenye bomba, na ugonjwa ni pale ilipoziba. Unapitisha mkono shibiri moja juu ya mwili mpaka usikie joto. Hapo ndipo palipoziba. Unautuliza mkono hapo hadi joto lipungue, mtu kapona. Na kugusa ni mwiko.

"Anayegusa anavuruga," alisema. "Kufinyafinya nyama ni kazi ya wakandaji."

Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mie.

Nikapata cheti, nikakitundika. Chumba nikakipaka rangi nyeupe, mkeka nikautupa, nikanunua kitanda chembamba cha wagonjwa. Chupa za mafuta niliwagawia majirani. Haikupita miezi miwili watu wakaanza kuniita Mtaalamu. Jamani, jina tamu hilo! Nikiitwa mara moja nilikuwa najifanya sijasikia, ili niitwe tena.

Alhamisi moja akaja mdogo wangu, katoka kazini. Tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Alikuwa akipiga pasi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, anasimama tangu asubuhi mpaka jioni, na humo ndani mvuke na kelele za mashine ndivyo vilivyomfundisha kusema kwa sauti ya kuita ng'ombe. Siku hiyo alisema polepole. Nikadhani kachoka.

"Dada, bega la kulia linaniuma. Nikande. Na huku kwapani pia, nikande vizuri kama zamani."

"Siku hizi sikandi, Chiriku. Lala, usivue kitu."

"Hata kidogo tu?"

"Kati yangu na wewe mtaalamu nani?"

Akalala na blauzi yake. Nikafumba macho nikaanza kupitisha mkono. Na nisingiziwe yote lakini si uongo: nilipofika kifuani upande wa kulia, nilisikia joto. Naapa nililisikia. Nikasimama hapo karibu nusu saa, na mwishowe joto likapungua, au mkono ulikufa ganzi, Mungu ndiye ajuaye.

"Palikuwa pameziba," nikamwambia. "Sasa pamefunguka."

Akainuka akakaa. Akanitazama machoni. "Una hakika, dada? Hakuna kitu?"

"Hakuna kitu."

Akacheka, kisha akalia kidogo, akajifuta kwa ukingo wa mtandio. Nikaandika kwenye daftari langu kwamba machozi ni dalili ya mwili kuachilia. Ndivyo tulivyofundishwa, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila Alhamisi, miezi saba. Alipoanza kukonda nikasema mwili unajisafisha. Alipoanza kukohoa, hapo niliogopa, nikampigia simu Mwalimu. Akaniambia ugonjwa ukitoka lazima ugonge mlango kwa kelele, na nisikate tamaa karibu na mwisho. Nikamrudia Chiriku na maneno hayo kama aliyepewa dawa.

Mume wa Chiriku ni fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno machache. Siku moja alimsindikiza, akabaki mlangoni kofia mkononi.

"Shemeji, sikupingi. Lakini si tumpeleke hospitali wamwangalie tu?"

"Shemeji, mimi nimewahi kuja kukufundisha kuchomelea mageti?"

"Hapana."

"Basi na wewe niachie yangu."

Akainamisha kichwa, akaenda kumsubiri nje juani. Alikuwa ameniomba kwa adabu, na mimi nikamkata kauli mbele ya mkewe. Chiriku alikuwa amelala pale kitandani, hakusema neno. Nikaona ananiunga mkono.

Alhamisi ya mwisho alishuka kitandani, magoti yakamsaliti. Nilimdaka kwa nyuma, mikono yote miwili chini ya makwapa, kama unavyomdaka mtu yeyote anayeanguka. Vidole vyangu vikajua kabla mimi sijajua. Kwapani upande wa kulia mlikuwa na vitu vigumu, vitatu, kama kokwa, havisogei. Nikamketisha chini. Sikumwomba ruhusa. Nikapandisha blauzi, na pale kifuani, mahali nilipotuliza mkono wangu Alhamisi zote hizo, ngozi ilikuwa imekunjamana na kuvutwa kwa ndani, na chini yake pamekaza kama ubao. Yeye alitazama ukuta tu.

"Chiriku! Hiki nini?"

Akasema, "Nafikiri twende sasa."

Hospitali tulimkuta daktari msichana, wa umri wa binti yangu kama ningekuwa naye. Alimgusa kwa vidole vitatu, kifuani, kwapani, shingoni. Haikufika dakika. Akauliza lini kilianza, akaniuliza mimi kwa kuwa ndiye niliyejibu kila swali, na nikaanza kumweleza habari za joto na kuziba nikaona kalamu yake imesimama. Hakunisema. Afadhali angenisema. Vipimo vilipotoka alituita, mimi na shemeji, akatueleza kwamba ni saratani ya titi, imeshafika kwenye mapafu na kwenye ini, na kwamba sasa kazi yao ni kumpunguzia maumivu. Shemeji akauliza kama kuna dawa ya sindano kutoka nje ya nchi. Daktari akamjibu taratibu kwamba hakuna.

Wodini alilazwa kitanda cha dirishani. Siku ya tatu saa ya kutazama wagonjwa, shemeji alikwenda kununua maji, tukabaki wawili. Nilikuwa nimekuja nimejiandaa.

"Mdogo wangu, nisikilize. Ningekugusa siku ile ya kwanza, ningekikuta. Siku hiyo hiyo. Mtoto anayejifunza kukanda angekikuta. Mimi ndiye niliyekuua."

Akafumba macho. Nikafikiri amesinzia.

"Nilikuwa najua, dada," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba kipo. Nilikigusa nikioga, kabla sijaja kwako. Kilikuwa kidogo, kama punje ya harage."

"Ulikuwa unajua? Wewe? Wewe uliyeshindwa kunyamazia hata siri ya harusi ya watu! Mbona hukusema?"

"Niliogopa. Nikikitamka kinakuwa kweli." Akapumzika, akavuta pumzi. "Nikasema niende kwa dada. Atanikanda, atakikuta mwenyewe. Atapiga ukelele mtaa mzima usikie, atanishika mkono anikokote mpaka hospitali. Mwenyewe miguu ilikuwa haiendi. Nikikokotwa na wewe, ningekwenda."

"Ndiyo maana ulisema kwapani."

"Ndiyo maana." Akatabasamu, midomo imekauka. "Halafu ukasema hakuna kitu. Nikasema, mikono ya dada haijawahi kukosea, basi labda niliota. Nilifurahi, we! Siku ile nililala mpaka kukakucha. Nilikuwa na wiki mbili sijalala."

"Na baadaye? Kilipokua?"

"Kila Alhamisi nilikuja nikakuuliza. Kila Alhamisi ukanijibu."

Nikamwambia anitukane. Nilimwomba kwa kweli, nimepiga magoti kando ya kitanda, wagonjwa wengine wananitazama. Nilisema nitukane, nitemee mate, sema nami chochote nitakachoweza kubeba.

"Nikutukane nini," akasema. "Niliyekudanganya ni mimi, na uliyenidanganya ni wewe. Tumetoka sare. Inuka, unanitia aibu."

Hakunionea huruma wala hakunikasirikia. Alikuwa amechoka tu. Alituacha siku ya kumi na moja, asubuhi, chai yake haijapoa.

Msibani walijaa watu wa kiwandani kwake, wengine bado na aproni. Nilikaa na wanawake, sikula, sikulia. Jirani mmoja, mwanamke asiyejua kupima maneno, akatikisa kichwa akasema, "Ndiyo yale yale. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nusura nimrukie. Mdogo wangu hakuficha! Aliyaleta maradhi yake hadi kwangu, akanionyesha yalipo, akaniomba niweke mkono. Maneno hayo yote yalikuwa yamenijaa kinywani. Nikasimama niyaseme, mbele ya watu wote, liwe liwalo.

Shemeji akanitangulia. Alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu, na sijawahi kumsikia akipaza sauti isipokuwa siku hiyo.

"Hakuficha kitu," akamwambia yule mwanamke. "Dada yake alimtibu miezi saba, kila wiki, hajachukua hata senti. Bila huyu, mke wangu angetutoka zamani." Akaja akanishika mikono yote miwili, akaibusu. "Shemeji, sitakusahau."

Wanawake wote wakanigeukia. Mmoja akafuta machozi. Yule jirani akaniomba radhi.

Nikajibu, "Tumshukuru Mungu, shemeji," nikakaa.