Dua Iliyokosa Herufi Moja

Mama Pacha alikuwa anasuka kichwa cha mteja huku midomo yake inasuka maneno mengine kabisa.

“Sa-ka. Su-ka. Sa-ka. Su-ka.”

Mteja aliinua macho kwenye kioo. “Mama Pacha, unazihesabu nywele zangu au unaniroga?”

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa anamwosha mtu kichwa kwenye beseni la pembeni. Akaangua kicheko mpaka povu likamrukia puani. “Mwache, dada yangu. Leo Mkuu wa shule anakwenda kulitazama darasa lao la jioni. Mapacha wake wameshamaliza shule, yeye ndio kwanza anaanza!”

“Nicheke tu, wifi. Kesho utaniomba nikusomee meseji.”

“Meseji zangu zina siri. Nikupe wewe uzisome kwa sauti mpaka mtaa wa pili wasikie?”

Mama Pacha naye alicheka. Tangu alfajiri moyo wake ulikuwa unaruka kama wa mtoto aliyeahidiwa safari. Alikuwa ameomba alipoamka, ameomba akifagia saluni, na hata sasa, kila alipofunga uzi mwishoni mwa msuko, alikuwa anafunga na dua fupi kimoyomoyo. Jambo alilokuwa analiombea lilikuwa moja: wasinyang'anywe simu.

Mtu asiyelijua darasa lile angeshangaa. Mama mzima kumsumbua Mungu kwa ajili ya simu?

Lakini Mama Pacha alijua alikotoka. Mwaka mzima wa kwanza alikaa dawati la nyuma kabisa. Darasa zima lilikuwa na vitabu vitatu, na kitabu kilipomfikia, kilikuwa kinasubiriwa na wengine. Vidole vyake, ambavyo kwenye nywele vilikwenda mbio bila hata kutazama, vilikuwa vigumu kama kuni vikishika kalamu. Kabla hajamaliza mstari mmoja, ubao ulikuwa umefutwa. Basi akajifunza ujanja. Zamu yake ya kusoma ilipokaribia, kikohozi kilimshika. Alikohoa, akashika kifua, akaomba ruhusa ya kutoka nje. Darasa zima walikijua kikohozi kile, ila kwa heshima hakuna aliyekisema.

Ndipo akaja Mwalimu mpya, binti wa umri wa mapacha wake, mwenye mkoba uliojaa nyaya.

“Wazazi wangu,” aliwaambia siku ya kwanza, “vitabu ni vichache na sina uwezo wa kuviongeza. Lakini simu mnazo, na shule ina intaneti. Kuna programu nyingi za kufundishia zisizo na malipo hata kidogo. Tunasubiri nini?”

“Bure?” aliuliza Fundi Kufuli kwa mashaka. Huyu alikuwa mtengenezaji wa makufuli, mtu wa utani, ambaye mifuko yake ililia funguo kila alipotikisika. “Mwalimu, mimi nikifungua mlango bure, watu wananiuliza nimeiba nini.”

“Bure kabisa, baba. Na hatujaiba.”

Wakaanza na mchezo wa maswali. Swali lilitokea ukutani kwa mwanga wa projekta, majibu yakawa kwenye simu, na aliyejibu sawa jina lake lilipanda juu. Watu wazima wale, waliokuwa wanasinzia kwa uchovu wa kazi, walisimama juu ya madawati wakishangilia!

Kisha Mwalimu akawafungulia ukurasa wa pamoja, ambao kila mmoja aliandika kwenye simu yake na wote wakaona ukutani. Ukurasa ule ulikuwa na alama ya kipaza sauti. Ukiigusa na kusema, simu inaandika unachosema.

Mama Pacha aliisogeza simu mdomoni kama mtu anayepuliza chai ya moto. “Kazi yangu ni kusuka nywele,” alisema.

Ukutani yakajiandika maneno. Fundi Kufuli akayasoma kwa sauti: “Kazi yangu ni kusaka nyuki.”

Darasa lilivunjika mbavu. “Mama Pacha! Tuletee asali basi!”

Kikohozi kilianza kumpanda. Lakini Mwalimu hakuyafuta maneno yale. “Mama, wewe hujakosea,” alisema. “Simu ndiyo imekusikia vibaya. Hebu isahihishe.”

Mama Pacha alitazama. Akatazama tena. Na pale, katikati ya neno, akaiona “a” imejikalia kwenye kiti cha “u”. Mwili ulimsisimka. Alijiona kama mtu aliyekamata mwizi kwa mikono yake mwenyewe. Akaitoa “a”, akaiweka “u”, kisha akawageukia wale nyuki, nao akawafukuza mmoja mmoja.

Tangu siku ile hakukohoa tena. Alikuwa anasema, simu inaandika, naye anaisaka kila ilipokosea. Akimaliza, anayanakili maneno kwa kalamu kwenye daftari, taratibu, bila kukimbizwa na ubao. Kidogo kidogo hata vile vidole vikalegea. Simu ikawa mwanafunzi wake, tena mwanafunzi mzito wa kusikia.

Na sasa Mkuu alikuwa amegundua. Shule ile mchana ilikuwa ya watoto, na kwa watoto simu zilikatazwa. Alibandika bango mlangoni: SIMU NI MARUFUKU DARASANI. Alipoambiwa kwamba watu wazima wanazitumia jioni, alisema kilichokatazwa mchana hakiwezi kuruhusiwa jua likizama. Mwalimu alimbembeleza mpaka akakubali kuja kuona mwenyewe. “Nikiridhika, sawa,” alisema. “Nisiporidhika, mrudi kwenye vitabu.”

Vitabu vitatu. Dawati la nyuma. Kikohozi. Mama Pacha alifunga msuko wa mwisho, akamkung'uta mteja shingoni, akavua aproni.

“Wifi, niombee.”

Wifi aliacha utani. Alimshika mkono kwa mkono wake uliolowa. “Nenda, mke wa kaka. Kawaoneshe.”

Jioni ile darasa lilikuwa limejaa. Watu walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda karibu na videvu. Ukuta wa mbele, uliopakwa chokaa upya na Fundi Kufuli mwenyewe, uling'aa kwa mwanga wa projekta. Mama Pacha alikaa dawati la mbele kabisa.

Mkuu aliingia, mikono nyuma, miwani puani. Wote wakasimama.

“Shikamoo, Mkuu!”

“Marahaba. Kaeni. Endeleeni kama vile sipo.”

Lakini nani angeweza kumsahau? Alisimama nyuma kama nguzo. Mwalimu alianzisha mchezo wa maswali, na baada ya dakika chache hofu ikasahaulika. “Bonyeza, bonyeza, wanatupita!” “Hiyo siyo, mama, ni ya chini yake!” Fundi Kufuli, aliyejiandikisha kwenye mchezo kwa jina la Ufunguo, alipanda mpaka juu kabisa, akateremshwa na fundi seremala mmoja, akapanda tena. Funguo zake zilikuwa zinalia mfukoni kama kengele.

Mchezo ulipokwisha, Mkuu hakutabasamu.

“Kelele nimezisikia,” alisema. “Sasa nioneshe masomo, Mwalimu.”

Mwalimu aliufungua ukurasa wa pamoja na kumweleza habari za kipaza sauti. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

“Simu ikisikia yenyewe na kuandika yenyewe, aliyejua kuandika hapo ni nani? Ni simu! Hawa unawadanganya, na wao wanajidanganya.” Macho yake yalitembea darasani, yakatua mbele. “Wewe mama. Hapo mbele. Tuoneshe.”

Mama Pacha alisimama. Aliufungua ukurasa, akagusa alama ya kipaza sauti, akaisogeza simu mdomoni. Alikuwa ameandaa sentensi nzuri juu ya saluni yake. Ikatoroka. Akaitafuta kichwani, hakuna kitu. Na kule kooni, taratibu, kikohozi cha zamani kikaanza kumkwaruza.

Akafanya alichozoea kufanya kila alipobanwa. Akafumba macho, akanong'ona.

“Ee Mungu wangu, umlainishe Mkuu wetu moyo, atuachie simu zetu, nisirudi kule nyuma kukohoa.”

Alipofumbua macho, hakuna aliyekuwa anamtazama yeye. Wote walikuwa wanatazama ukuta. Kipaza sauti kilikuwa wazi muda wote ule, na ukutani, kwa herufi zenye ukubwa wa viatu, dua yake ilikuwa imejiandika:

ee mungu wangu umlaanishe mkuu wetu moyo atuachie simu zetu nisirudi kule nyuma kukohoa

“Yarabi!” mtu alinong'ona.

Mwalimu aliurukia waya wa projekta auchomoe.

“Usizime, Mwalimu!” Mama Pacha alipaza sauti hadi mwenyewe akajishangaa. “Usizime! Imekosea! Ileile, imekosea tena!” Tayari alikuwa ameuendea ukuta, kivuli chake kikubwa juu ya maneno, kidole kikigonga chokaa. “Hapa! Neno la nne! Mimi nimesema umlainishe. Ulaini! Yenyewe imesikia laana. Imechomeka ‘a’ mahali pa ‘i’. Mkuu, wallahi sijakulaani, nimekuombea!”

Hakusubiri jibu. Alirudi kwenye simu yake, akaweka kidole, na watu wote wakashuhudia. Ukutani “a” ikatoweka, mahali pake pakabaki wazi kidogo, kisha “i” ikaingia ikakaa. Laana ikawa baraka mbele ya macho yao.

Darasa likapumua kwa pamoja.

Lakini Mama Pacha alikuwa ameshapata moto. “Na jina la Mungu haliandikwi hivi,” alisema, akaibadilisha “m” ikawa kubwa. Akaweka mkato. Akafika kwenye neno “mkuu”, akasita, akamtazama mwenye cheo chake, akampa na yeye herufi kubwa.

“Asante,” alisema Mkuu. Hapo ndipo kicheko cha kwanza kilipotoroka nyuma ya darasa.

Mkuu alitembea polepole mpaka mbele. Alisoma dua ile yote, midomo ikicheza. “Na hili la kukohoa ni la nini?”

Mama Pacha aliinama. Kisha akapiga moyo konde, akaeleza yote: dawati la nyuma, kitabu kinachosubiriwa na wengine, ubao unaofutwa, kikohozi cha uongo. “Simu hainisomei, Mkuu,” alimaliza. “Ingekuwa inanisomea, ningejuaje kwamba imekutukana?”

Mkuu alinyoosha mkono. “Nipe hiyo simu.”

Mioyo ikashuka. Mama Pacha aliitazama simu yake yenye kioo kilichopasuka, akamkabidhi kwa mikono miwili. Basi, ndiyo imekwenda, alijisemea.

Lakini Mkuu hakuitia mfukoni. Aliigeuza huku na huku. “Hicho kipaza sauti kiko wapi? Hiki? Haya. Tuone kama ni huyu mama anayejua au ni bahati tu.” Akakohoa kidogo, akasema kwa sauti yake ya gwaride, sauti iliyotikisa watoto kila asubuhi:

“Simu darasani ni marufuku.”

Wote wakageukia ukuta. Simu ilifikiri kidogo, kisha ikaandika:

simu darasani ni maarufu

Jamani! Fundi Kufuli aliteleza kutoka kwenye dawati akakaa sakafuni, funguo zikamwagika. Mwalimu alijifunika uso kwa daftari. Kicheko kilipanda mpaka kwenye mabati, kikashuka, kikapanda tena. Mkuu peke yake alibaki anakodolea macho amri yake iliyogeuka sifa.

Mama Pacha hakucheka. Alikuwa ameshaliona.

“Mkuu,” aliuliza kwa adabu zote, “nisahihishe, au niache?”

“Kwanza nioneshe kosa.”

“Umesema marufuku. Yenyewe imeongeza ‘a’ huku mbele, halafu imemeza ‘ku’ huku nyuma.”

Mkuu alisogea ukutani akahakiki kwa kidole. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mtu wa watu alikuwa anacheka.

“Acha,” alisema hatimaye, akimrudishia simu. “Acha hivyohivyo. Bango la mlangoni ni la watoto wa mchana. Nyie wa jioni mna hili la ukutani.” Akafika mlangoni, akageuka. “Mwalimu, hiyo programu kweli haina malipo? Nitumie na mimi. Barua zangu nazo zina makosa.”

Shangwe iliyolipuka hapo, hata mlinzi wa getini alikuja kuchungulia kuna nini. Watu walikumbatiana kama waliofaulu mtihani. Fundi Kufuli, bado sakafuni anakusanya funguo, alipiga kelele, “Mama Pacha, na mimi niombee! Ila uisome kwanza kabla haijafika mbinguni!”

Mama Pacha alikaa kwenye dawati lake la mbele, simu mkononi, machozi na kicheko vikigombania uso. Alitaka kushukuru hapohapo. Akafumba macho, akafungua mdomo.

Kisha akafumbua jicho moja, akaangalia kama kipaza sauti kimezimwa.