Tabo ya Kenta ya Wafuga Nyuki

Nilifika kijiji kile cha kando ya mto Ugalla nikitafuta lifti ya kwenda Mpanda. Nikaambiwa gari la kwenda Mpanda lipo moja tu, na ndilo lile pale limebinuliwa kichwa.

Ilikuwa Kenta, lori dogo la kikundi cha wafuga nyuki. Kabini imeinamishwa mbele, injini iko wazi, na nyuma yake ghala la asali limejaa madumu mpaka mlangoni. Juu ya tairi la akiba alikaa mwanamume mrefu, amepakata kitu ndani ya gunia kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa.

"Shikamoo mzee," akaniamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye dereva?"

"Mpaka Jumamosi," akasema. "Jumamosi kikundi kinakaa. Wakisema mimi ndiye niliyeua tabo, basi, usukani nauacha."

Jina lake Ngusa, Msukuma. Wazazi wake walihamia Katavi na ng'ombe yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Ng'ombe wakaisha, yeye akajifunza gari. Kenta ile ameiendesha miaka sita, na pale kijijini hakuna nyingine. Akalifungua gunia anionyeshe.

Kwa asiyejua, tabo ni ile konokono ya chuma inayokaa ubavuni mwa injini. Moshi unaotoka unazungusha feni ya upande mmoja, na feni ya upande wa pili inavuta hewa inaisukumia injini, gari linapata nguvu. Feni zote mbili zimeshikwa na shafti moja nyembamba kama kidole. Inazunguka maelfu kwa maelfu kwa dakika, na inaelea kwenye oili. Ikikosa oili muda wa kuvuta pumzi chache tu, imekwisha. Mimi shule nilisoma vipande vipande, huku kidogo na kule kidogo, ila hilo nililisoma kwa mikono kwenye magereji ya barabara ya Tunduma.

"Ile ya zamani ilikufa kwa uzee," Ngusa akasema. "Hii ilikuja mpya. Fundi akaifunga, nikaondoka nayo. Kilomita nane tu, ikalia kama nguruwe anayechinjwa, halafu kimya. Mayu Dorotea, mama mwenyekiti wetu, anasema niliiswaga kama ng'ombe."

"Uliiswaga?"

"Mzee, kilomita nane za mchanga mtupu! Ningeiswagia wapi?"

Nikajaribu kuzungusha feni kwa kidole. Imegoma. Nikaifungua ubavu nikachungulia: shafti imegeuka bluu, kama chuma kilichotoka kwenye moto wa mhunzi.

"Hii imekufa kwa kiu," nikamwambia.

"Kiu gani na oili ilikuwa imejaa? Nilipima mwenyewe asubuhi ile."

Tukapima tena. Kweli, imejaa, tena safi. Tukafungua kile kipaipu kinachopeleka oili kwenye tabo, tukapiga staata kidogo, oili ikaruka kama mkojo wa ndama. Maana yake oili inafika mlangoni, haiingii ndani. Kwa nini? Sikujua. Na sipendi kusema najua wakati sijui, nimeona injini nyingi za watu zikivunjika kwa tabia hiyo.

Ningeweza kutafuta bodaboda nikaenda zangu. Nikaweka begi langu chini ya Kenta.

Dorotea alikuja jioni ile ile. Ndiye mwenyekiti wa kikundi, Mkonongo, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mkononi ana ndoo yenye ufa, na huku anaongea anauziba ule ufa kwa nta, anaikandamiza kwa kidole gumba bila hata kuangalia.

"Huyu mzee ni nani?"

"Ni abiria, mayu."

"Abiria gani ana grisi mpaka kwenye viwiko?"

"Mama," nikasema, "tabo hii imekosa oili. Siyo mwendo ulioiua."

"Fundi Shadrack amesema ni mwendo."

"Fundi Shadrack ndiye aliyeifunga."

"Na wewe je?"

"Mimi sijaifunga wala sijaiendesha. Labda ndiyo maana ningefaa kusikilizwa."

Akacheka kidogo puani. "Tabo nyingine ipo ndani kwangu, nimeifunika vizuri. Jumamosi Shadrack anaifunga na asali ya watu inaondoka. Anayeendesha siyo Ngusa. Basi." Akaigeuza ndoo kwenye mwanga kuona kama bado inavuja, akaenda zake.

Jumamosi Shadrack alifika na pikipiki kutoka mjini, miwani myeusi, begi la spana mgongoni. Wanakikundi wamekaa kwenye baraza la ghala, wengine juu ya madumu. Dorotea akaitoa tabo mpya, ameifunga kwa kitenge. Shadrack akachagua spana, akageuka kwenda kwenye injini, akamkuta Ngusa amesimama mbele yake.

"Toka hapo, mchunga ng'ombe," Shadrack akasema, anacheka.

"Sitoki."

"Ngusa!" Dorotea akaita.

"Mayu, mnifukuze, sikatai, lakini baadaye. Mkiifunga hii bila kujua kilichoua ile, nayo itakufa. Na safari hiyo mimi sitakuwepo wa kulaumiwa. Mtamlaumu nani?"

Watu wakaguna. Mzee mmoja barazani akasema, "Hapo ana neno."

Nikamuuliza Shadrack, "Fundi, ile uliyofunga, uliijaza oili kwa mkono kabla ya kuwasha?"

"Mzee, injini ina pampu. Inajijazia yenyewe."

"Ulipowasha ukafanyaje?"

Kabla hajajibu, mwanamke mmoja akadakia: "Akapiga resi! Tukasikia mluzi wa tabo, sisi tukapiga vigelegele!"

"Ndiyo, nilipiga," Shadrack akasema. "Wateja nyie si mnataka kusikia mluzi? Usipolia mnasema fundi kawaibia."

"Mama," nikamwambia Dorotea, "nipe dakika tano na oili kikombe kimoja."

Akaniangalia mimi, akamwangalia Ngusa ambaye hajasogea hata unyayo. "Dakika tano," akasema.

Nikaiweka tabo juu ya kile kitenge, tundu la oili likitazama juu. Ni tundu dogo, penseli inaingia kwa kubanwa. Ukimimina oili pale, lazima ishuke kwenye shafti na kutokea chini, kwenye tundu kubwa la kurudishia. Nikamimina. Ikatulia pale juu, inang'aa kama jicho. Tukasubiri. Shadrack akainama, akavua miwani.

"Haishuki," akasema.

"Haishuki."

Ngusa akaniletea spoku ya baiskeli. Nikachokoa taratibu, na kikatoka kizibo kirefu kama punje ya mpunga, juu cheusi kwa vumbi, ndani cha njano. Nikampa Ngusa. Akakinusa, akampelekea Dorotea mkononi. Yeye hakuhitaji kunusa. Mama yule ameshika nta tangu hajaota meno ya pili.

Akakikandamiza kwa kidole gumba, kikalainika.

"Niliziba mimi," akasema. "Dukani walinipa haina vifuniko. Nikaona vumbi la huku linaingia hata ndani ya yai, sembuse chuma chenye matundu? Nikaziba yote. Na ile iliyokufa nayo hivyo hivyo."

"Yale makubwa niliyaona, nikatoa nta yote," Shadrack akasema, sauti imeshuka. "Haka kadogo kalikuwa keusi. Nilijua ni chuma."

"Ungejaza oili, ungekaona," nikasema.

Na kwa kweli kuziba matundu ni akili, maana mchanga nao unaua tabo vibaya sana. Tungeziba hata sisi wa magereji, kwa tambara safi linaloonekana. Kosa la mama lilikuwa moja: alifanya wema wake na hakumwambia fundi. Nta ikakaa mlangoni, oili ikagonga hodi, na hata kama joto liliiyeyusha baadaye, shafti ilikuwa imeshajisaga.

"Haya, tumeona," Dorotea akasema, anajipangusa mikono. "Shadrack, funga gari."

Ngusa akabaki pale pale.

"Nini tena?"

"Mayu, wiki tatu kisimani wananiita muua tabo. Mke wangu akienda kuchota maji wanamwimbia. Yalisemwa mbele ya watu, yafutwe mbele ya watu."

Nikaona shingo ya mama imevimba. Watu waliniambia baadaye hawajawahi kumsikia akijishusha, hata kwa mumewe alipokuwa hai. Akaweka mikono kiunoni, akageukia baraza.

"Nyie mliopo hapa mnisikie. Ngusa hakuua tabo. Niliiua mimi kwa nta, na Shadrack kwa haraka." Kuna aliyecheka. Mama akamtazama, kicheko kikafia njiani. "Lakini kutokuua siyo kutunza," akaendelea, sasa anamwangalia Ngusa. "Utatupeleka Mpanda leo, na mimi nitakaa mbele, nione. Mambo ya usukani tutayaongelea huko huko."

"Sawa," Ngusa akasema. Ndipo akasogea.

Tukafanya kazi mpaka jua likapita utosini. Tuliosha matundu kwa dizeli ya moto mpaka hakuna harufu ya asali. Tukafungua mapaipu ya hewa tukakung'uta, maana tabo ikifa huacha vipande vya feni humo, na vipande hivyo vikiamka vinamla mgeni, yaani tabo mpya. Tukabadilisha oili na filta yake, tukapuliza ea klina, chujio la hewa. Paipu la kurudisha oili tulilinyoosha lisiwe na mkunjo. Shadrack ana mikono mizuri yule, alichokosa ni subira tu. Alipotoa tyubu la gundi ya silikoni nikamshika mkono.

"Weka gasketi kavu, fundi. Gundi ikibanwa inaingia tunduni, halafu tunarudi kule kule kwenye nta."

"Mzee, wewe ulinizaa wapi?" akasema, lakini akairudisha kwenye begi.

Tukajaza oili kwa tundu la juu, Ngusa anazungusha feni kwa kidole, safari hii ikashuka yote. Tukakata dizeli injini isiwake, tukaliachia paipu la chini kwenye kopo, tukapiga staata kidogo kidogo, tunapumzika, tunapiga tena, mpaka oili ikadondoka koponi. Ndipo tukafunga kila kitu, tukarudisha dizeli, Ngusa akawasha.

"Piga resi tusikie!" watu wakapaza sauti.

"Leo hamsikii kitu," Ngusa akajibu.

Gari likanguruma polepole, dakika kumi nzima. Wengine wakachoka wakaanza kupakia madumu. Mimi na Shadrack tulikuwa tunapitisha vidole kwenye viungo kutafuta unyevu. Pakavu kote.

Njiani Dorotea alikaa katikati yetu, macho hayatoki kwenye mguu wa kulia wa Ngusa. Kwenye mchanga Ngusa alikanyaga kidogo kidogo. Kwenye vilima tabo ikaanza kuimba, mluzi mwembamba, na gari lenye mzigo wote ule likapanda bila kulalamika. Mama akauliza, "Mbona hukimbizi, barabara si nzuri hapa?" Sikujua kama anamtega.

"Oili ilikuwa haijapata moto vizuri, mayu. Sasa imepata." Akaongeza mwendo.

Tulifika Ilembo, pale Mpanda, jua bado liko juu. Mnunuzi wa asali anaitwa Zubery, mwenye duka na ghala pembeni ya barabara, kanzu nyeupe pee. Ngusa akasimamisha gari mbele ya ghala, akaweka breki ya mkono, akaacha injini ikinguruma.

"Zima bwana, moshi unaniingilia dukani!" Zubery akaita.

"Dakika tatu, tajiri," Ngusa akajibu dirishani. "Tabo imetoka kwenye moto. Nikizima sasa hivi, oili inasimama na kuungulia humo ndani."

"Dakika tatu za nini? Lete mizani huku! Mama Dorotea, hujambo? Hebu mwambie huyu azime, nina wateja hapa."

Ngusa hakugeuka. Alitazama mbele tu, ila niliona vidole vyake vimebana usukani mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Alishaamua, hilo lilionekana. Hata akiambiwa ashuke, atashuka dakika tatu zikiisha.

Dorotea akanipita magotini, akatoa kichwa nje ya dirisha.

"Dereva wangu amesema subiri, Zubery. Kwani asali inaoza?"

Zubery akaziba pua kwa mkono wa kanzu, akarudi ndani ananung'unika.

Tukakaa. Baada ya muda Ngusa akazima, akatega sikio, tabo ikashuka sauti taratibu mpaka ikanyamaza yenyewe. Akachomoa ufunguo, akamnyooshea mama kwenye kiganja kilicho wazi, kama alivyozoea kuurudisha kila safari ikiisha.

Dorotea alikuwa ameshateremka, anawagombeza wapagazi washike madumu yasilale ubavu. Ngusa akaungoja mkono wake kidogo, kisha akautia ufunguo mfukoni, akaenda kufungua ubao wa nyuma.