Mtaalamu Mwandamizi

Akimana alihitimu cheti cha mifugo, akarudi kwao Kirushya. Kaka yake Aron ndiye aliyemfungulia ukurasa wa kutafuta kazi mtandaoni, akamwandika "Mtaalamu Mwandamizi". Shirika aliloomba kazi lilipopiga simu, mwanamke mmoja alisema, "Samahani dada, tunatafuta anayeanza. Wewe umetuzidi." Akakata.

"Nilitaka wakuheshimu," Aron alijitetea.

"Heshima gani? Umeniheshimu mpaka nimekosa kazi!"

Palepale Akimana alifuta yote, akaandika kwamba ndiyo kwanza amehitimu, na kwamba akiwa mafunzoni alichanja kuku wa kijiji kizima. Kisha akampigia yule mwanamke, akamweleza. Akaitwa kwenye usaili.

Aron alipoanza kumshauri namna ya kuvaa, Akimana alimwambia, "Kaka, naomba unyamaze."