Asali ya Mwoga

Fundi wa mabango, Godfrey, alikuwa ameshapaka kibao kizima rangi ya njano. Alichosubiri ni jina tu. Agripina akamwomba avute subira kidogo, akapanda bodaboda kwenda kwenye msitu wa Mgori kwa baba yake mdogo, Melkiori.

Chumba cha duka la asali alikuwa ameshakipata Mwankoko, tena mahali pazuri. Shida ni kwamba asali ya kwao kila mtu aliijua kama ya Mwoga, jina ambalo warina asali walimbandika marehemu baba yake. Tangu utoto jina hilo lilimtia aibu. Sasa alitaka kulifuta kabisa, ila kwanza ajue lilitoka wapi. Mwoga ni mtu anayeogopa, sawa. Lakini neno lenyewe halisemi anaogopa nini. Na mtu aliyekuwa anakwea miti mirefu gizani, jamani, aliogopa nini?

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri, shika moshi huo."

Melkiori aliuteremsha mzinga kwa kamba. Agripina akafukiza, kisha akaanza kukata masega. Ndoo ilipofika nusu, mzee akamshika mkono.

"Hapo baba yako alikuwa anaacha."

"Mbona bado yamejaa?"

"Kiangazi nyuki watakula nini? Wenzake walikuwa wanakomba mzinga wote, yeye anarudi na nusu ndoo. Wakamwuliza, unaogopa kuumwa? Akasema, naogopa kuja mwakani nikute mzinga mtupu. Walicheka mpaka basi. Jina likaanzia hapo."

"Na mizinga yao iko wapi?"

Mzee akaonyesha kwa kidevu. Kwenye mti wa pili magogo yalining'inia, midomo imezibwa na utando wa buibui. Nyuki wake walihama zamani.

Agripina aliyatazama masega yaliyobaki. Aliyatamani, maana duka jipya linataka mali. Halafu akawaza kuukuta mzinga huu nao umezibwa hivyo, akaogopa kweli. Akaufunga.

Walipotoka msituni, simu ilipopata mtandao, akampigia Godfrey.

"Andika Asali ya Mwoga."

"Mwoga? Dada, wateja si watakucheka?"

"Waache wacheke," alisema Agripina. "Na mimi ni mwoga. Nimejua leo."