Shangazi Wanne Ndani ya Injini

Niliota, usiku wa kuamkia leo, kwamba injini ya pikapu imenikaribisha chakula.

Pikapu yenyewe ni ya Mama Anyisile, anayekusanya maziwa huku milimani na kuyapeleka Tukuyu. Nilikuwa nimeibadilisha hedi gasketi kwa mikono yangu, kazi yangu ya kwanza ya injini baada ya mwaka mzima wa kuziba pancha kwenye gereji ya Fundi Ambakisye. Nilifunga kila nati, nikavisha waya mpya za kutoa cheche kwenye distributa na kuzifikisha kwenye plagi, nikawasha kwa mbwembwe. Gari likamisi, likawa linaruka mapigo. Likatetemeka kama mtu mwenye homa, likapiga risasi kwenye ekzosi, na kilima likakikataa katakata. Siku mbili nimehangaika nalo: plagi mpya, kabureta nimeiosha, petroli nimechuja, taiming, yaani wakati wa cheche, nimeisogeza mbele na nyuma. Wapi! Jana jioni Fundi Ambakisye akanawa mikono, akasema, "Tusekile, kesho asubuhi namwita fundi wa Mbeya. Wewe utarudi kwenye pancha zako, na injini usiziguse tena." Nililala nimevimba kwa hasira.

Basi ndotoni boneti linafunguka lenyewe, linaniambia, "Karibu, pita. Vua viatu."

Navua. Ndani ni sebule ya mama yangu, na makochi yake na vitambaa vyake vya kufuma, ila dari ni la chuma na pananuka petroli. Katikati kuna mkeka, na kuuzunguka wameketi shangazi zangu wanne. Sina shangazi wanne. Ninaye mmoja, na yuko Kyela. Lakini adabu ni adabu.

"Shikamooni, shangazi."

"Marahaba," wanaitika kwa zamu. Kila mmoja ana namba kifuani, Moja mpaka Nne.

"Tuna njaa," anasema Shangazi wa Kwanza. "Siku ya pili hii hatunawishwi ipasavyo. Na asiyenawa hali."

Naingia jikoni kwanza, maana fundi huanzia kwenye mafuta. Kabureta amesimama kwenye sufuria, anakoroga. Ananiona, anarudi nyuma.

"Usinisogelee! Umeniosha mara tatu, ngozi yote inawasha. Chakula kipo na kinatosha. Kosa liko mezani."

Plagi zimejipanga ukutani, zimeshika vyeti vya kuzaliwa. "Sisi tumezaliwa juzi," zinasema kwa pamoja. "Hatujui lolote." Navikagua vyeti. Ni kweli, juzi.

Narudi sebuleni. Sasa katikati ya mkeka amesimama mwanamume mwembamba wa mguu mmoja, birika mkono mmoja, beseni mkono wa pili. Mguu wake umepita sakafuni hadi chini, na anazunguka papo hapo alipo.

"Naitwa Rota," anasema. "Nanawisha."

Nachungulia birika. Hakuna maji, kuna cheche.

Shangazi wa Kwanza ananieleza utaratibu wa nyumba. Kila shangazi hujaza chakula mashavuni na kufumba mdomo. Akinawishwa wakati huohuo, hupiga chafya, na nyumba husogea mbele. "Baada yangu ni wa Tatu, kisha wa Nne, kisha wa Pili," anasema. "Ndivyo tulivyozaliwa."

"Wa Tatu kabla ya wa Pili?"

"Kamuulize mama yetu."

Hilo halikunisumbua, nililijua. Ni mimi niliyewapanga nilipofunga waya zao: kutoka kwa wa Kwanza kwenda kulia, wa Tatu, wa Nne, wa Pili. Kwetu maji ya kunawa huenda kulia. Ukimruka mgeni wa kulia ukaanza na wa kushoto umemtukana, na mama aliwahi kunichapa vidole kwa mwiko kwa kosa hilo, mbele za watu.

Rota anaanza. Anamnawisha wa Kwanza. Chafya! Nyumba inaruka hatua moja, na moyo wangu unaruka nayo. Kisha Rota anageuka, anaenda kushoto.

Kushoto! Kwa Shangazi wa Pili, ambaye muda huo amefungua mdomo wazi anatoa moshi dirishani. Cheche zinaingia mdomoni, zinatokea dirishani. Paa! Nje kuku wa jirani wanatawanyika. Wa Nne anapiga chafya vizuri. Halafu wa Tatu, mdomo wazi, paa tena!

"Unaona?" anasema Shangazi wa Kwanza. "Ndiyo maisha yetu hayo."

Mara sebule iko katikati ya kilima, imeinama, sahani zinateleza kuelekea mlangoni. Chini kabisa ya kilima amesimama Fundi Ambakisye, mrefu kuliko migomba, simu mkononi. Anabonyeza namba ya kwanza. Mlio wake unatingisha vikombe.

"Wewe Rota!" napiga kelele. "Huna adabu? Maji yanaenda kulia!"

"Dada, mimi nazunguka ninavyozungushwa. Kulia ni kwa mama yako."

"Mama yangu usimtaje!"

"Namheshimu sana. Ila hajawahi kukaa ndani ya distributa."

Namkamata mabega, namsukuma kulia kwa nguvu zote. Nyumba nzima inalia kwa uchungu, kuanzia sakafuni. Shangazi wote wanashika mataya. "Acha! Unatuvunja meno!" Namwachia. Fundi Ambakisye anabonyeza namba ya tano, ya sita.

Hapo ndipo akili inanijia, na natamani kujipiga kofi. Kama anayenawisha hageuki, si wageni wahame!

"Shangazi wa Pili, Shangazi wa Tatu, naomba mbadilishane nafasi."

Wa Pili anasimama mara moja. Wa Tatu anakunja kanga yake, anatulia palepale. "Nimeketishwa mkono wa kulia kwa heshima. Nikihama watu watasema nimefukuzwa."

"Shangazi, hakuna watu humu. Hii ni injini."

"Watu wako kila mahali."

Napiga magoti. Kwa kweli machozi yananitoka, hata kwenye ndoto niliyasikia ya moto. "Shangazi, nisaidie. Nikishindwa leo sitashika injini tena. Mwaka mzima nimekaa kwenye beseni la pancha nikiwasikiliza wenzangu wakizifungua, na hakuna kitu nimewahi kukipenda kama hiki."

Ananitazama juu mpaka chini. "Si ungesema mapema," anasema, ananyanyuka na kigoda chake.

Wanabadilishana. Rota anazunguka kushoto bila haya. Chafya! Chafya! Chafya! Chafya! Nyumba inanguruma, inapaa kilimani, vitambaa vya mama vinapepea, kabureta anaimba jikoni, na mimi nimesimama juu ya kochi napiga vigelegele mpaka sauti inakauka.

Nikaamka nimekaa kitandani, napiga makofi. Kulikuwa kumekucha. Sikunawa uso, nilikimbia hadi gereji.

Mama Anyisile alikuwa ameegemea pikapu, madumu ya maziwa yamejaa. Fundi Ambakisye alikuwa anatoa simu sikioni.

"Ameshatoka Mbeya," alisema. "Yuko njiani."

"Shikamoo, fundi. Naomba dakika mbili kabla hajafika. Huenda nimekosea kupanga waya kwenye distributa."

"Marahaba. Umeota nini wewe? Nimezikagua mwenyewe mara mbili. Moja, tatu, nne, mbili. Ziko sawa."

"Ulihesabu kuelekea wapi?"

"Kulia. Kwani kwenu mnahesabu kuelekea wapi?"

Nilifungua kifuniko cha distributa. "Nizungushie injini kwa spana, fundi. Taratibu."

Alicheka kidogo, akashika spana, akazungusha. Rota, ile inayozunguka humo na kugawa cheche, ikasogea. Ikaenda kushoto.

Nywele zilinisimama. Nikiwa macho, hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba rota hii huenda kushoto.

Fundi Ambakisye naye aliacha kucheka. "Ngoja," alisema, akazungusha tena. Kushoto.

"Kuna nini?" aliuliza Mama Anyisile. Nilichomoa waya wa pili na wa tatu, nikazibadilisha nafasi, nikarudisha kifuniko.

"Washa, mama."

Aliwasha. Sauti ikatoka moja, nzito, iliyonyooka. Akakanyaga mafuta, ikapanda nayo bila kukohoa. Mama Anyisile alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Ndaga fijo, mwanangu!", shukrani ya kwetu, na mimi nikaruka juu mbele ya wateja bila aibu yoyote.

Fundi Ambakisye alisimama ameinamisha sikio kwenye injini kwa muda mrefu. Kisha akachukua simu, akasogea pembeni.

"Ndugu yangu, uko wapi? Geuza tu, samahani kwa usumbufu," alisema. "Fundi yupo."