Kuku Bila Mgeni

...na kitunguu kikishaungua hakirudi, utaongeza nyanya, utaongeza maji, utamwagia dania ya shamba zima, bado ule uchungu utabaki chini ya sufuria ukikungoja, hapo ndipo Nanzala alipokuwa amefika kuandika, na kishale kilikuwa kikipepesa mbele ya neno la mwisho kama jicho la mtu anayeuliza, halafu?, halafu nini?, na nyuma ya ukurasa huo wa blogu, umejificha kama mtoto nyuma ya pazia miguu ikionekana, ulikuwepo ukurasa mwingine, ripoti ya mauzo ya mbolea ya duka la Cheptiret, ambayo Bwana Obonyo, mkubwa wa ofisi, aliingoja tangu asubuhi, na kila Obonyo alipokohoa kule kwenye meza yake ya kona, kidole cha Nanzala kiliruka kikaileta ripoti mbele, magunia, magunia, magunia, na Obonyo akinyamaza kitunguu kikarudi, hivyo ndivyo siku ilivyoliwa, huku mvua ya mchana ikipiga mabati ya bohari na harufu ya mbolea ikiingia ofisini na kukaa kama mgeni... mgeni, hapana, neno hilo alilikimbia, akarudi kwenye kitunguu, kitunguu hukatwa kwa kisu kikali, kisu butu ndicho kinacholiza watu, aandike hilo, wasomaji wanapenda vitu vya namna hiyo, "Nanzala, na wewe je?" sauti ilikuwa ya Joyline wa meza ya pili, amesimama kando yake simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega, "Mama yuko kwa laini. Kuku wamebaki wachache. Unachukua, ama niwape watu wa bohari?" Mama yake Joyline anafuga kuku wa kienyeji huko Moiben, na jambo lenyewe lilitaka jibu la sasa hivi, kwa sababu kuku wa kienyeji hashikwi mchana, mchana atakutembeza hadi mtoni na kukurudisha mikono mitupu, hushikwa jioni akishaingia kibandani mwenyewe, akafungwa miguu, na asubuhi akapanda gari la maziwa kuja mjini, basi anayemtaka aseme jua likiwa bado juu, Nanzala akainua kidole, ngoja kidogo, kama mtu anayepiga hesabu, "Ati ngoja?" Joyline akacheka, "Mluhya anaambiwa kuku, anasema ngoja? Bosi, umesikia hii? Dunia imeisha," na Obonyo bila kuinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake akasema, "Mwache. Pengine ni mgonjwa. Mimi siku mtasikia nimekataa samaki, msiniulize maswali, nipelekeni hospitali," wakacheka wote, Nanzala naye akacheka, akacheka vizuri kabisa, akajisikia akicheka, na chini ya kicheko hicho neno hospitali likashuka polepole kama jiwe kwenye kisima, likagusa chini...

Juzi Jumatatu, kwenye ukumbi ule mrefu wenye viti vya chuma, daktari kijana mwenye doa la wino kwenye mfuko wa koti alimwambia muuguzi ampeleke mzee, baba yake Nanzala, kwenye mizani, na Nanzala alijua, mzee alikuwa amepimwa uzito alipoingia tu, hakuna mtu aliyekuwa na haja ya uzito wake mara ya pili, ilikuwa njia ya kumwondoa, na daktari akasema kwa sauti ya chini, ini limekataa, hatuna kitu kingine cha kujaribu, nendeni nyumbani, yale masharti ya chakula muyaache, mpikie anachopenda, na yeye, mjinga, mwandishi wa mapishi, akauliza, "Hata chumvi?" "Hata chumvi." "Na mafuta?" na daktari akamtazama kwa huruma ya mtu aliyechoka kuwa na huruma, "Dada, mpikie anachopenda," basi yakawa hayo, na miezi yote hii alikuwa amempikia mzee kunde bila chumvi, ndizi bila chumvi, mrenda wenye tone la limau ili ulimi udanganyike, na akayaandika yote kwenye blogu, watu wa shinikizo la damu kutoka miji asiyoijua wakamshukuru, Mungu akubariki dada, umeniokoa na mume wangu, na mizani ikarudisha mtu wake, Mzee Murunga akarudi akikokota viatu, kofia mkononi, akaketi, akauliza, "Amesema nini, mama?" na Nanzala akasema, "Amesema uendelee hivyo hivyo, Baba," hivyo hivyo, maneno mawili, yakatoka rahisi kama mate... Humwita mama kwa sababu amebeba jina la mama yake mzazi, Nanzala wa kwanza, aliyezaliwa mwaka ambao watu walikula mizizi, na ndiyo maana blogu yenyewe inaitwa Mzaliwa wa Njaa, jina lililowafurahisha wasomaji, mzaliwa wa njaa anawafundisha kupika, na sasa baba huyo, aliyetolewa Kimilili kuja kukaa karibu na hospitali, alikuwa Kimumu nyumbani kwa Nanzala, kwenye kiti cha dirishani, blanketi magotini, akitazama mvua hii hii, akingoja jioni, akingoja sahani isiyo na chumvi...

Na kuku ndiyo shida, Joyline hawezi kujua, si kuku, ni lile neno alilolitia mzee mwenyewe, wiki ya kwanza ya masharti, alipowekewa ndizi za kuchemsha nyeupe kama sabuni, akazitazama, akamtazama binti yake, akasema, "Sawa. Nitakula hivi vitu vyenu vya hospitali. Lakini sikia, mama, siku utakayonichinjia kuku na hakuna mgeni nyumbani, nitajua mgeni ni mimi," wakacheka, wakacheka hadi akakohoa, na kwao kuku ni hivyo, hachinjwi hivi hivi, huchinjwa kwa sababu mtu amefika au mtu anaondoka, kwa hiyo ajibu nini sasa, akimchukua kuku huyu wa Moiben, kesho jioni atabishana na mlango huku ndege akilia mkononi, miguu imefungwa kamba ya gunia, na mzee atageuza shingo kutoka dirishani, atatazama nyuma ya Nanzala kuona ni nani anayeingia naye, hataona mtu, atakuwa ameambiwa, na asipomchukua, basi ataendelea kumlisha mtu anayekufa chakula cha kumponya, atamnyima chumvi hadi siku ya mwisho ili tu yeye Nanzala asitamke, na ipi kati ya hizo mbili ni upendo, hakujua, watu wengine wangejua, dada zake wa kanisani wangejua mara moja na wangetoa na mstari wa Biblia, yeye tangu Jumatatu alikuwa amejua kuandika kuhusu vitunguu tu... Obonyo akakohoa, ripoti ikaja mbele, magunia, duka la Cheptiret, safu ya tatu ilikuwa tupu, ikarudi nyuma, "Joyline, mwambie angojee dakika moja," "Mama, anasema dakika moja. Ndiyo, yule wa blogu. Eh, yule wa kupika," na upande ule wa simu mwanamke asiyemjua akacheka kwa mbali, nyuma yake kuku wakilia...

Kama mzee angeuliza tena, hilo ndilo lililomsumbua, kama angeuliza kwa mdomo wake angemjibu, lakini haulizi, yeye ambaye kwenye filamu huuliza kabla hata ya majina kwisha kupita, kila jioni baada ya chakula wakiweka kompyuta juu ya kiti cha plastiki, Nanzala akimtafsiria maneno ya Kizungu kwa kunong'ona, na mzee kabla ya lolote, "Huyu mzungu anakufa ama anabaki? Niambie mwisho kwanza," na Nanzala mwanzoni alikasirika, Baba, sasa tutazame nini, lakini mzee alikuwa na hoja yake, "Nikijua mwisho, moyo unatulia. Naweza kutazama nguo zao, na ile milima. Nisipojua, natazama kifo tu, kinatokea mlango gani," na Jumatatu hiyo hiyo, walipotoka hospitali, filamu ilikuwa ya fundi saa mmoja mzee wa nchi ya baridi, amepanda treni kwenda kumwona mwanawe waliyekosana, Nanzala alikuwa ameitazama zamani, akaichagua kwa theluji tu, akasahau, hapana, hakusahau, na mzee akauliza, "Huyu anafika?" na Nanzala akasema, "Anafika, Baba, wanapatana kabisa," na fundi saa akafa kwenye treni, kichwa kwenye kioo, theluji ikipita, akafa mbele yao wote wawili na hakukuwa na mahali pa kuweka macho, na majina yalipoanza kupanda mzee akacheka kidogo kwa pua, "Mama, wewe ukidanganya unaangalia jiko," na kweli, Mungu wangu, alikuwa ameangalia jiko, akasimama akaenda kuligusa, ingawa lilikuwa limezimwa...

"Haya, dakika imeisha," alisema Joyline, "na mmoja ni jogoo mkubwa, Mama anasema imondo yake ni kama ngumi ya mtoto. Si utapiga picha tena? Ile ya baba yako kukupa imondo, aki nilicheka hadi machozi. Nilimsomea Mama," na Nanzala akatabasamu, ndiyo, ile, makala iliyosomwa kuliko zote alizowahi kuandika, Jumapili iliyopita, kaka yake Wangila alikuja na pikipiki kutoka Kimilili kumwona mzee, mgeni alikuwepo, kwa hiyo kuku alikuwepo, hakuna aliyeshangaa, na imondo, firigisi ile ambayo kwao ni ya mwenye nyumba na mwanamke haigusi ila kwa kuiosha, Nanzala aliichemsha peke yake bila chumvi na kuiweka kwenye sahani ya mzee kama inavyotakiwa, juu, ionekane, mgonjwa au si mgonjwa mtu hunyimwa chumvi lakini hanyimwi heshima, na mzee akaigeuza kwa kidole, mara moja, akaichukua, akanyoosha mkono juu ya meza, akampita Wangila, Wangila mwanawe wa kwanza wa kiume aliyeketi hapo akiwa na shingo ya kuku mdomoni, akaiweka kwenye sahani ya Nanzala, "Kula, mama. Meno yangu yamechoka," na yeye, eh, yeye akafanya nini, akapiga kelele kwa furaha, "Baba amekuwa wa kisasa!" akakimbilia dirishani kutafuta mwanga, akaizungusha sahani, akapiga picha moja, nyingine, ya tatu ikiwa na mkono wa mzee pembeni, na Wangila akaacha kutafuna, akaweka ule mfupa chini, akatoka nje, alionekana amechuchumaa anagusa gurudumu la pikipiki ambalo halikuwa na shida, na alipokuwa akiondoka, kofia ya pikipiki tayari kichwani, alisema jambo moja tu, "Hiyo picha usiiweke kwa mtandao," na Nanzala alifikiri ni aibu, mwanaume ameona imondo ikimpita ikaenda kwa dada yake, wivu kidogo, mambo ya mila, akamhurumia hata, na jioni akaiweka, Mzee Murunga Avunja Mila, watu wakaandika mzee safi sana, mzee wa kizazi kipya, wazazi wetu wajifunze, na yeye akasoma moja moja huku mzee akiwa hapo hapo nyuma yake kwenye kiti cha dirishani...

Jumapili, na daktari alikuwa Jumatatu, Jumapili ilikuwa kabla, kishale kilipepesa, kilipepesa, Jumapili ilikuwa kabla ya Jumatatu, mzee alikuwa ameketi mezani kwake siku moja kabla ya daktari kijana kumwondoa kwenda kwenye mizani, na akaichukua sehemu ya mwenye nyumba akampa mwingine, na mtu haitoi hiyo akiwa bado anakaa, huitoa akiaga, meno, meno gani, wiki hiyo hiyo alikuwa ametafuna mahindi ya kuchoma hadi kwenye gunzi, Wangila alielewa papo hapo, mdomo ukiwa na mfupa, akatoka nje kwenda kulia kwenye gurudumu, na yeye aliyekusudiwa, aliyeambiwa kwa mkono na kwa jina, kula, mama, alikimbilia mwanga... Basi hakukuwa na kitu cha kumficha, siku zote hizi tatu alikuwa amesimama mlangoni kuzuia habari iliyokwisha kuingia, ikala, ikanawa mikono, na swali la ukumbini, amesema nini, mama, halikuwa swali la mtu asiyejua, ni mzee aliyemfungulia binti yake mlango, akamshikia uwe wazi, na yeye akaufunga, hivyo hivyo, Baba, na akamwona tena akikokota viatu kwenda kwenye gari, akimwacha abaki na uongo wake kwa kuwa aliona bado anauhitaji, na fundi saa, huyu anafika?, alikuwa akimjaribu tena, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto bila kutaka kumtisha, na yeye akaangalia jiko...

Obonyo akakohoa na kidole cha Nanzala hakikuruka, kitunguu kikabaki pale kwenye kioo wazi, mwenye kuona aone, "Nanzala?" mvua iliendelea, magunia yaliendelea kungoja safu ya tatu, naye alikuwa akitazama ndani ya friji yake huko Kimumu kana kwamba ameifungua, maziwa, nusu limau, na nyuma ya maziwa ule mkebe wa siagi, kwa sababu alipomaliza kupiga picha siku ile imondo ilikuwa imepoa, na wanawake wa kwao hawaili, akaona haya kuitafuna mbele ya wanaume wawili, akaona haya kuitupa, akaitia kwenye mkebe huo, akaifunika, nitajua la kufanya baadaye, iko pale hadi leo, imekauka kingo, haina chumvi, na mzee hufungua friji hiyo kila asubuhi kuchukua maziwa yake ya chai, kila asubuhi anauona ule mkebe, anajua kilichomo, anajua haijaliwa, anachukua maziwa, anafunga, "Nanzala, salio la Mama linaisha," alisema Joyline, simu begani, kichwa upande, "ni ndiyo ama ni hapana?"