Viroba Vilivyofungwa Mdomo

Walimu wananiita Mkono wa Birika, na nimeshazoea. Mimi ni karani wa shule. Printa ni yangu, wino ni wangu na lawama zote ni zangu. Nikisema karatasi ichapwe pande zote mbili, wananuna. Nikisema kazi isomwe kwanza kwenye kompyuta, wananiuliza kama shule ni ya baba yangu. Mwalimu wa hesabu huchapa ukurasa mzima ili aone kosa moja, kisha anaukunjakunja na kuutupa. Nimechoka kusema. Hata kuchoka kwenyewe kumenichosha.

Lakini kwenye katriji, vile vikasha vya wino wa printa, sikukubali kushindwa. Zilipoisha wino nilizijaza upya kwa bomba la sindano, na zilizokataa kabisa kufanya kazi nikaziweka. Zamani zilikuwa zikitupwa kwenye shimo la taka nyuma ya darasa la awali, na Babu wa usafi akizichoma pamoja na majani makavu. Moshi wake ni mweusi, unaonja uchungu wake hadi kwenye ulimi. Binti yangu yuko darasa hilo la awali, na ana pumu. Kwa hiyo nisijipambe kwamba nahifadhi mazingira ya watu wote. Mimi nahifadhi kifua cha mwanangu.

Nilipata kampuni inayokusanya katriji tupu. Walisema watakuja. Nikawangoja, katriji zikajaa chini ya meza, zikapanda kabatini, hadi siku Mwalimu Mkuu alipoteleza kwenye mojawapo.

"Mama, hapa ni ofisi au jalala?" akaniuliza akijipangusa sketi. "Vitoe hivi vitu leo leo."

"Gari lao linakuja kesho, mwalimu."

"Kesho yako haifiki. Vitoe."

Nikazitia kwenye viroba, nikavipanga nyuma ya stoo. Wino ulikuwa unavuja na umenichafua hadi viwikoni, basi nikavifunga midomo kwa kamba, nikakaza barabara. Nikarudi kuchapa mitihani.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Pale shuleni, kiroba kilicho wazi ni cha kutunzwa: kina mkaa, chaki au mipira. Kilichofungwa mdomo ni taka. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini kila mtu anaijua, na mimi ndiye niliyemfundisha Babu alipoajiriwa.

Harufu ya plastiki inayoungua ilinifikia kwanza, dirishani. Nikaacha printa ikitema karatasi, nikatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Nyuma ya darasa nikamkuta Babu ameegemea reki yake, hana hili wala lile.

"Nimekusaidia, mwanangu," akasema. "Nimeona umevifunga vizuri."

Angenitukana, ningepata pa kumalizia hasira.

Watoto walikuwa wameshatolewa nje. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye nyasi, mwalimu wake amemshikia dawa ya kuvuta mdomoni, mabega yanapanda na kushuka, kifua kinapiga mluzi. Alinitazama tu. Mtoto wa pumu hapotezi pumzi kwa kulia. Nikapiga magoti, nikamshika mgongoni, na mikono yangu ikaacha alama za wino kwenye sare yake. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Pumzi ikaanza kurudi kidogo kidogo. Nilikuwa nambeba mgongoni nimpeleke zahanati Mwalimu Mkuu alipofika, kitambaa puani, naye ametaharuki kweli.

"Pole, mama. Pole sana. Hili halitarudiwa. Ukitoka zahanati uchape tangazo, marufuku kuchoma taka. Nakala kwa kila mzazi, na kila darasa libandikiwe. Na chapa kwa rangi, ili walione."

Nikamtazama. Nyuma yake shimo lilikuwa bado linafuka.

"Kila asubuhi shule nzima inasimama mbele yako mstarini," nikamwambia. "Mdomo unao. Waambie."

Sikungoja jibu. Mwanangu alikuwa anahema shingoni mwangu, kwa shida, na zahanati ilikuwa mbali.